Shali ya Basma

Mallawi, 9 Novemba 1990

Dada Ihsan,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Hakuna aliyekufa. Najua mara ya mwisho tulipoonana nilikugeuzia mgongo, uso ukutani, hukuambulia hata kwaheri. Barua zako tatu nilizipokea, nikazitia chini ya godoro bila kuzifungua. Haya, cheka sasa: aliyesusa chakula amerudi mwenyewe kuuliza kama kimebaki.

Nina mimba ya miezi mitano. Furaha ninayo, lakini woga umeizidi.

Kila siku baada ya chakula cha mchana, nyumba ikilala, namsikia marehemu Basma wangu. Halii kwa kelele. Ni ule mlio wake wa kunyonya mara mbili tatu, kisha anaachia ziwa, anahema, anatoa kisauti kama cha paka aliyefungiwa nje. Natoka kumtafuta, sauti inahamia sebuleni, upande wa kochi la mkwe wangu, Baba Haji. Nikifika, hakuna kitu. Baba Haji kasinzia, shisha yake imepoa. Na ile shali ya manjano uliyomfumia nimeifua mara saba, kwa sabuni, kwa siki, kwa maji ya waridi. Bado inanuka moshi. Nilimpa Lutfi ainuse, akasema, "Mke wangu, hii inanuka waridi tu, hebu lala."

Sasa sikia nilichokuitia. Shangazi yake Lutfi, Zannuba, bado anasema maziwa yangu yalifungwa siku ya saba ya Basma, ulipoingia chumbani kwangu ukitoka makaburini kumzika jirani, hujanawa hata miguu. Mwanamke aliyejifungua hafikiwi na mtu wa mazishini kabla ya arobaini. Hilo mtoto wa mtaani analijua, sembuse wewe mtu mzima! Anasema aliyefunga ndiye afunguaye. Uje uvuke kizingiti changu mara saba, uchovye mkono kwenye beseni, nami nioge maji hayo. Mpaka utakapokuja ananifukiza ubani asubuhi na jioni, nguo na nywele, nakohoa mpaka machozi. Baba Haji tulipomwambia aligeuza makaa ya shisha yake, akasema, "Fanyeni mnavyoona."

Sikuandikii kwa ugomvi. Nakuandikia kwa sababu sitaki kuzika mwingine. Njoo.

Mdogo wako,
Rawhia

*

Suez, 20 Novemba 1990

Rawhia wa mama,

Barua yako nimeisomea mlangoni, kikapu cha mboga bado mkononi, kisha nikakaa chini palepale. Jirani alikuja mbio na maji, akidhani nimeanguka.

Nitakuja. Mara saba unataka? Nitakivuka kizingiti hicho mara sabini, mpaka Zannuba achoke kuhesabu.

Na nikuambie jambo ambalo hata mume wangu hajalisikia. Siku ile nilikumbuka. Nilifika mlangoni kwako na vumbi la makaburi miguuni, nikakumbuka natakiwa ninawe na kusubiri. Mara nikasikia mtoto analia, nikasema, "Ah, mambo ya vikongwe hayo," nikaingia. Basi tangu Basma afe najiita muuaji. Nakaanga samaki nikijiita hivyo, nacheka na watu nikijiita hivyo. Mikono hii nikiitazama naichukia.

Lakini kuna jingine, na nakuomba ulisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Tangu mwaka jana nafanya kazi ya kupima watoto uzito kwenye kliniki ya mtaani kwetu. Mimi nasoma mizani, nesi Demyana anaandika. Akiletwa mtoto mdogo kupita kiasi, nesi hamwulizi mama habari za mazishi. Anauliza, "Nyumbani nani anavuta?" Mara ya kwanza nilimcheka, nikasema, "Mama wa watu havuti, unamwulizia nini?" Akanikalisha chini. Akasema moshi wa mwenzio ukiuvuta ukiwa mjamzito unaingia kwenye damu yako na kumfikia aliye tumboni, na huenda akazaliwa na uzito mdogo. Mtoto wa namna hiyo anachoka upesi ziwani, na ziwa lisilonyonywa vizuri maziwa yake hupungua. Tena moshi wenyewe nao unaweza kuyapunguza, na sumu yake nyingine inapita humohumo kwenye maziwa, mtoto anakosa utulivu, anashika anaachia. Rawhia, anashika anaachia! Nilitoka nje nikalia uani mbele ya watu.

Basma alizaliwa na kilo mbili kasoro. Ilikuwa Januari, madirisha yote mmeyafunga kwa baridi, na mlango wa chumba chako unafungukia kwenye kochi la Haji. Siapi kwamba ndicho kilichomuua. Hata nesi anasema kwa mtoto mmoja hakuna awezaye kuapa. Nakuuliza tu, hiyo shisha iko wapi sasa? Makaa anayapuliza nani? Na huo ubani mwambie Zannuba auache, moshi ni moshi hata ukinukia.

Njoo ujifungulie kwangu. Nijibu upesi.

Dada yako,
Ihsan

*

Mallawi, 8 Desemba 1990

Ihsan,

Mwezi mzima, kimya! Nimeinama, nimekuomba, nawe umeninyamazia kama mtu asiyenijua. Nilidhani nina dada. Kumbe Zannuba kasema kweli, kwamba aliyekufunga hana haja ya kukufungua.

Basi usije. Huku ninaye Baba Haji. Wanaume wa watu wakizeeka wanakuwa wakali, huyu mkwe wangu amekuwa mama. Ananimenyea machungwa, ananiwekea vipande kwenye sahani, kisha ananisimulia telegramu alizopokea stesheni enzi zake: bwana harusi aliyeandika "nachelewa" akafika baada ya miaka minne! Nacheka mpaka tumbo linaniuma. Mimi namwekea shisha yake mara tatu kwa siku, maana hakuna anayejua kupuliza makaa kama mimi, mwenyewe kasema. Namkalia pembeni, tunazungumza mpaka kichwa cha shisha kinakwisha. Bila yeye ningekwisha rukwa na akili katika nyumba hii.

Jana nilipokuwa napuliza, kizunguzungu kikanishika, nikaanguka miguuni pake. Alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake. Si kitu, ni mimba tu. Lakini nilipokuwa pale chini, sikio kwenye zulia, nilimsikia Basma karibu sana. Naogopa, Ihsan. Naogopa, na wewe umenyamaza.

Rawhia

*

Mallawi, 10 Desemba 1990

Kwa Binti Ihsan, Suez,

Anayekuandikia ni Mahrus, baba wa Lutfi.

Barua yako ya tarehe 20 ninayo mimi. Rawhia hajaiona. Mtu wa posta hunywa chai kwangu kila Jumanne na barua za nyumba hii hunikabidhi mimi. Miaka thelathini na moja nilikaa kwenye chumba cha telegramu, zikapita mkononi mwangu habari za vifo na harusi za watu, na bahasha ya mtu sikuwahi kuifungua. Yako nimeifungua.

Nilikasirika, sikufichi. Nikasema, huyu ndiye aliyeingia kwa mzazi na mavumbi ya makaburi, leo anatafuta wa kumtwisha. Nikaishika barua juu ya makaa ya shisha niichome. Sikuichoma, na usidhani ni wema. Ni kwamba maneno yako nilikuwa nimekwisha yasikia.

Siku ya ishirini ya Basma, Rawhia alikuwa na homa, Lutfi yuko safarini na lori. Nikamchukua mtoto kwa gari la farasi mpaka kwa daktari. Daktari hakumtazama mtoto kwanza. Aliinusa shali. Akasema, "Haji, nani anavuta?" Nikasema, "Mimi." "Wapi?" Nikasema, "Sebuleni, mbele ya mlango wao." Akaniambia, "Moshi huo utoe nje leo, usingoje kesho. Mtoto apate hewa, na mama anyonyeshe mara kwa mara, maziwa yatapanda." Ndivyo alivyosema, wala hakutaja mazishi.

Nikarudi. Nikamkuta Zannuba amekwisha waaminisha wote kwamba ni wewe. Wakaniuliza, "Daktari kasemaje?" Nikasema, "Kasema ni mambo ya wanawake." Kisha nikakaa kwenye kochi langu, nikaita makaa. Rawhia akaamka na homa yake, akaniletea.

Mtoto tulimzika kabla ya arobaini, wewe ukafukuzwa, na mimi nikapokea rambirambi.

Rawhia anadhani anayemsikia ni yeye peke yake. Mimi namsikia pia, binti yangu, kila mchana, hapahapa kwenye kochi. Akitoka kumtafuta najifanya nimesinzia. Na juzi alipoanguka mbele yangu, uso mweupe, koleo la makaa bado mkononi, niliona nitakavyozika mara ya pili.

Utaniuliza kwa nini siitoi hiyo shisha. Mara nne nimeipeleka uani. Mara nne nimeirudisha.

Njoo umchukue. Sema umekuja kufungua: vuka kizingiti, chovya mkono, fanya yote, bila hivyo Zannuba na Lutfi hawatakubali aondoke. Mimi nitasema anahitaji hewa ya bahari. Lakini lile la daktari nakuomba usimwambie. Mimi ni mzee, na hakuna mwingine aniitaye baba akamaanisha.

Mahrus

*

Suez, 18 Desemba 1990

Haji Mahrus,

Salamu sina za kukupa leo.

Karibu miaka miwili nimekuwa nikiamka na kujiita muuaji. Nimekataa kubeba watoto wa majirani. Nimenawa mikono mpaka ngozi ikapasuka. Na wewe ulikuwa umekaa, unamenya machungwa!

Nitafika Alhamisi ya wiki ijayo, jioni, kwa treni kutoka Kairo. Nitakivuka kizingiti mara saba mbele ya macho yako, na kila nikivuka nitakutazama. Hakikisha uko pale.

Sitamwambia. Wala si kwa kukuhurumia. Nikimwambia leo, ama hataniamini akang'ang'ania kubaki, ama ataamini akavunjika akiwa na mimba. Mtoto kwanza. Ila ujue umenitwisha jina lako nilibebe, na ninalibeba kwa miguu yangu mwenyewe, nikiwa najua. Barua yako nimeifungia sandukuni.

Ihsan

*

Suez, 2 Aprili 1991

Baba Haji wangu,

Ramadhani karimu. Najua unafuturu na nani leo, na Zannuba na mlenda wake wenye chumvi, pole sana!

Leo mjukuu wako ana siku kumi na tisa. Alizaliwa na kilo tatu na nusu. Dada alisoma mizani mara tatu kwa sauti, kliniki nzima ikasikia. Siku ya saba tulimfanyia mila zote: tulimweka kwenye chekeche, tukatwanga kinu karibu na masikio yake, nikamruka mara saba. Lutfi alikuja, akasema jina ni lako, nami nikafurahi kuliko yeye. Huyo sasa ni Mahrus mdogo.

Na maziwa, Baba! Yanapita nguo, yanapita shuka. Dada ananicheka, anasema tufungue duka la jibini. Nakunywa uwatu, nalala dirisha wazi, na humu ndani havuti mtu, hata mgeni anaambiwa akae barazani na sigara yake. Mtoto akishika ziwa haachii mpaka alewe. Siku ya kwanza niliogopa kumtazama. Nilifumba macho nikahesabu, nikingoja aachie. Hakuachia. Nililia, dada akadhani naumwa.

Basi nimeamini kweli nilikuwa nimefungwa. Dada alipokivuka kizingiti mara ya saba nilimwona anatetemeka, nikajua anajuta. Kwa hiyo jana nimemwambia kwa mdomo wangu, "Dada, la Basma nimekusamehe." Aliinama, akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimekwisha viosha. Naona bado linamuuma, masikini.

Tangu nije huku sijamsikia Basma. Nilidhani nitafurahi, lakini wakati mwingine moyo unaniambia nimemwacha peke yake humo nyumbani. Ukimsikia, Baba, mwambie mama anakuja. Usinicheke, haya ni maneno ya mwanamke aliyejifungua juzi.

Arobaini ikiisha narudi na Mahrus. Nitakuwekea makaa mwenyewe kama zamani, najua hao wengine wanakuunguzia tumbaku.

Mwanao,
Rawhia

*

Mallawi, 17 Aprili 1991

Rawhia mwanangu,

Leo ni sikukuu ya pili. Nyumba imejaa watu na biskuti, nami nimejifungia kukuandikia.

Usimsamehe dada yako. Hana kosa.

Siku nilipompeleka Basma kwa daktari, hakusema mambo ya wanawake. Aliinusa shali, akasema ni moshi wangu, niutoe nje siku ileile. Ilikuwa siku ya ishirini. Nilikudanganya wewe, nikamwacha Zannuba amfukuze dada yako, kwa sababu niliona aibu, na kwa sababu nilitaka kuvuta nikiwa kwenye kochi langu. Hakuna sababu nyingine. Nimetafuta, sikuiona.

Barua ya Ihsan ya Novemba, uliyoingoja ukalia, niliificha mimi. Nimeitia humu. Dada yako hakunyamaza.

Umeniambia nikimsikia mtoto nimwambie unakuja. Namsikia, mwanangu. Nimekuwa nikimsikia siku zote, nikijifanya nimelala. Nilifungua mdomo nimwambie hivyo ulivyosema, nikashindwa.

Kwa hiyo usije. Mwezi mzima nilifunga mchana, na kila magharibi nikaiwasha shisha kabla hata ya kula. Hata sasa iko ubavuni mwangu imewaka. Usimlete mtoto kwenye nyumba hii. Na jina langu, mkiona vema, mbadilishieni.

Mahrus

*

Suez, 28 Aprili 1991

Baba Haji,

Barua yako nilianza kumsomea dada kwa sauti, jikoni, nikidhani ni salamu za Idi. Nilipofika penye habari ya daktari niliacha kusoma, nikamtazama dada. Hakushtuka. Nikasema, "Ulijua." Akasema, "Tangu Desemba." Nikamtupia taulo, nikamtupia vitunguu, chochote kilichokuwa mezani. Nikamwambia, "Nimekusamehe mbele ya uso wako, na ukanyamaza?" Akasema, "Ulikuwa unanyonyesha." Basi nikampigia magoti. Alininyanyua kwa sikio, kama tulipokuwa watoto, akasema, "Inuka, sakafu ina baridi." Tumelia mpaka Mahrus akaamka, naye akalia.

Jina hatubadilishi. Ni la mtoto sasa.

Haturudi. Lutfi nimemsomea yote, akasema anatafuta kazi ya lori huku. Ukitaka kumwona mjukuu wako njoo, lakini uje peke yako, bila hicho kitu, na utabadili nguo mlangoni. Sikufungii mlango. Nakupenda, na ndicho kinachoniua. Ungekuwa mtu mbaya ningelala usingizi.

Mimi nami nilipuliza yale makaa. Kwa mdomo wangu huu, Basma akiwa tumboni, na hata alipokuwa mapajani. Dada anasema nisijihesabie, na nesi anasema hakuna awezaye kujua kama angeishi. Labda angekufa hata hivyo. Nitaishi na hilo, nitajifunza. Mimi sikujua.

Lakini nimehesabu, Baba. Ulirudi kutoka kwa daktari siku ya ishirini, na Basma akafa siku ya thelathini na tatu. Siku kumi na tatu ulijua. Mara tatu kwa siku uliniita nikuletee makaa, na mimi nilikuja, na wewe ukaniambia, "Mungu akubariki, mwanangu."

Rawhia